Almasi iliibwa mara ngapi? Wasomaji wa The Moonstone tangu 1868

Ijumaa, saa tano usiku, chumbani

Najua nimepotea, na kuna walioanza kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo! Wiki mbili hizi nilikuwa nahangaika na pepa ya semina, na nyie mliosomea ualimu mnajua kipindi hiki kilivyo: testi mbili kwa wiki, maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, na bumu lilishakata siku nyingi. Leo nimewasilisha. Sikuchekwa, ila nimerudishwa nikaandike nusu nzima upya. Nataka kuiweka hapa kabla sijasahau ni kitu gani hasa kilichoniangusha. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una chai isogeze.

Kazi ilikuwa hivi. Mhadhiri wetu wa historia ya ukoloni Asia alitaka kila mmoja achague riwaya moja ya mkasa inayohusu India, halafu aandike historia ya wasomaji wake na siyo ya riwaya yenyewe. Yaani watu waliisoma lini, wakasema nini, na kwa nini walisema hivyo wakati huo. Wenzangu walikimbilia Kipling. Mimi nikachagua The Moonstone ya Mwingereza Wilkie Collins, kwa sababu moja tu ambayo naona hata aibu kuitaja: nilikuwa nayo. Niliinunua kwa muuza vitabu vya zamani wa barabarani, shilingi elfu mbili, haina jalada.

Kwa ambao hawajaisoma, stori kwa kifupi ni hii. Mwaka 1848, binti wa familia tajiri ya Kiingereza, Rachel Verinder, anatimiza miaka 18 nyumbani kwao Yorkshire. Siku ya sherehe anakabidhiwa almasi kubwa ya njano aliyorithishwa na mjomba wake, kanali aliyepigana India. Usiku huohuo almasi inapotea. Kuna Wahindi watatu waliokuwa wakizungukazunguka jirani na nyumba, wanakamatwa, wanaachiwa. Anakuja mpelelezi kutoka London, Sajenti Cuff, mzee mkondefu anayependa mawaridi kuliko hata kazi yake. Stori inasimuliwa kwa zamu na mashahidi, kila mmoja anasema kile alichokiona mwenyewe. Nani aliiba? Hilo sikwambii, nenda kasome. Nina sababu yangu, utaiona mbele.

Nilimaliza kwa siku nne, nikawa najiona bingwa. Nikamsimulia rumeti wangu, yeye anasoma hisabati na hana muda na riwaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Sasa huyo mjomba yeye aliipata wapi?" Nikajibu, "Vitani huko India, aliipora." Akasema, "Kwa hiyo ilishaibwa kabla." Nikabaki kimya.

Nikaitafuta riwaya nzima kwenye simu (haki zake zilishakwisha zamani, inapatikana bure). Kumbe kopi yangu ilikuwa imenyofoka kurasa za mwanzo! Mimi nilianzia pale mtumishi mzee wa nyumba anapoanza kusimulia. Kurasa zilizokosekana ndizo zenye wizi wa kwanza, na hizo haziko Yorkshire hata kidogo. Ziko Seringapatam, kusini mwa India, mwaka 1799.

Basi tuanzie hapo, maana hii sehemu ni historia kabisa.

Seringapatam (leo Srirangapatna) ilikuwa makao makuu ya Tipu Sultan, mtawala wa Mysore. Huyu bwana hakuwa mdogo. Alikuwa na jeshi lililotumia maroketi, alipeleka mabalozi nchi za nje, alikuwa na nyumba ya biashara hadi Muscat. Waingereza wa Kampuni ya Mashariki ya India walipigana na Mysore vita vinne. Katika vita vya nne, tarehe 4 Mei 1799, walivunja ukuta wa mji wakaingia. Tipu aliuawa akipigana, na mwili wake ulipatikana jioni katikati ya maiti nyingine karibu na lango. Usiku ule askari waliupora mji. Kesho yake Arthur Wellesley, ambaye baadaye alikuja kuwa Duke wa Wellington, alikabidhiwa mji, na kwa maelezo yake mwenyewe ilibidi anyonge watu na kuchapa wengine viboko ndipo utulivu ukarudi. Aliandika pia kwamba ni nyumba chache mno zilizonusurika.

Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza. Anayepora usiku kwa mkono wake ananyongwa. Lakini kuna uporaji mwingine uliokuwa halali kabisa. Jeshi lilikuwa na mawakala wa ngawira, kazi yao kukusanya mali ya mji, kuithaminisha, kuipiga mnada na kugawa fedha kwa vyeo. Jenerali Harris, kamanda mkuu, mgawo wake ulizidi pauni 100,000. Askari wa chini waliambulia pauni chache. Kiti cha enzi cha Tipu, kilichofunikwa dhahabu, kilivunjwavunjwa ili kigawanyike. Kichwa chake cha simba-milia kipo mpaka leo kwenye mkusanyiko wa kifalme wa Uingereza. Na yule simba-milia wa mbao anayemng'ata mzungu, mwenye kinanda tumboni, alianza kuonyeshwa London mwaka 1808, na sasa yupo jumba la makumbusho la Victoria and Albert.

Collins aliiweka almasi yake ya kubuni ndani ya usiku huohuo wa kweli. Kwenye kurasa zangu zilizonyofoka, ofisa John Herncastle anakutwa kwenye ghala la silaha na mwenge mkono mmoja, jambia lenye damu mkono wa pili, na chini kuna Wahindi waliouawa. Mmoja anakata roho huku akiapa kwamba jiwe litalipiza kisasi. Almasi ilikuwa kwenye mpini wa lile jambia. Binamu yake anamwona, lakini hamshitaki, kwa kuwa hakumwona akiua kwa macho yake. Familia inanyamaza. Huo ndio mwanzo wa riwaya!

Haya, sasa wasomaji.

Riwaya ilianza kutoka kila wiki kwenye jarida la Charles Dickens, All the Year Round, kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Mchapishaji William Tinsley alikumbuka miaka mingi baadaye jinsi watu walivyokuwa wakijaa nje ya ofisi ya jarida siku ya toleo jipya. Hata wapagazi walikuwa wakijibanza pembeni na mizigo mgongoni wanasoma, na watu waliwekeana pesa kubashiri almasi itapatikana wapi. Yaani kama sisi na mechi za Ulaya. Huku nyuma mwandishi alikuwa hoi: mama yake alifariki Machi 1868, yeye mwenyewe anaumwa jongo, anatuliza maumivu kwa dawa ya afyuni, na kazi inatakiwa kila wiki.

Dickens alipoziona sehemu za mwanzo mwaka 1867 aliisifia. Ilipokaribia kuisha Julai 1868, alimwandikia msaidizi wake kwamba muundo wake unachosha mno. Kwa hiyo ndugu yangu, kama uliisoma ukasinzia katikati, uko na mtu mkubwa. Teh teh.

Lakini Dickens ana kisa kingine kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1857 askari wa Kihindi wa jeshi la Kampuni waliasi, vita vikawaka kaskazini mwa India, raia wa Kiingereza wakauawa, na Waingereza nao wakalipiza kwa ukatili usioelezeka. Dickens aliandika kwenye barua kwamba angekuwa kamanda kule angefanya kila awezalo kuiangamiza jamii ile. Huyo ndiye Dickens anayewalilia yatima wa London! Collins naye aliombwa na jarida la Dickens aandike kuhusu maasi, na Februari 1858 akatoa makala ya kuwahubiria maaskari wa Kihindi. Lakini mahubiri yenyewe aliyachota kwenye hadithi ya Kiislamu ya India ya zama za Shah Jahan. Maana yake ni kwamba hao watu wana hekima yao wenyewe. Miaka kumi baadaye ndiyo akaandika riwaya ambayo mwizi wa kwanza ni ofisa wa Kiingereza.

Pepa yangu ilikuwa na hoja nzuri sana kwa macho yangu. Nilisema hivi: wasomaji wa 1868 waliangalia wizi wa Yorkshire tu, hawakuuona wizi wa Seringapatam. Wasomaji wa katikati nao hivyohivyo. Ni sisi tu, wasomaji wa baada ya ukoloni, tuliofumbuliwa macho.

Kwa upande wa katikati nilikuwa na ushahidi wa kutosha. Mshairi T. S. Eliot, kwenye miaka ya 1927 na 1928, aliiweka The Moonstone kuwa ya kwanza na bora kuliko riwaya zote za upelelezi za Kiingereza. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa upelelezi mwenyewe, mwaka 1928 alisema huenda hakuna ya upelelezi iliyowahi kuishinda. Wanasifia nini? Ufundi. Kwamba dalili zote zimewekwa mezani, msomaji hadanganywi. Kile kilikuwa kipindi ambacho hadithi ya upelelezi imekuwa mchezo wenye sheria. Mwaka 1929 padri Ronald Knox alitunga hata amri zake kumi. Ukisoma kwa kanuni za mchezo, Seringapatam inakuwa mahali ambapo mpira umetoka tu, na mechi yenyewe ni Yorkshire.

Kwa upande wa mwisho pia nilikuwa vizuri. India ilipata uhuru 1947, himaya ikasambaratika, na mwaka 1973 mhakiki John R. Reed akaandika makala akisema jinai isiyokiriwa ndani ya riwaya hii ni ya ubeberu wa Kiingereza. Nikasema, huyo hapo! Miaka mia moja na mitano, hatimaye mtu kauona wizi wa kwanza.

Nikawasilisha kwa mbwembwe. Wakati wa maswali, dada mmoja wa mwaka wa tatu anayekaa siti za mbele kila siku akanyoosha mkono. Akasema: "Ukurasa wa nne umemtaja mhakiki wa mwaka 1868 aliyesema mwisho wa riwaya unatoa machozi. Alikuwa anamlilia nani?"

Jamani. Nilisimama pale kama mlingoti.

Alikuwa anamzungumzia Geraldine Jewsbury, aliyeandika kwenye gazeti la Athenaeum Julai 1868. Mimi nilimweka kama pambo, nionekane nimesoma. Ili muelewe lazima nimwage siri moja: mwishoni almasi inarudi. Wale Wahindi watatu ni Mabrahmin, walinzi wa jiwe kwa kurithishana vizazi na vizazi. Wameacha heshima ya tabaka lao, wamevuka bahari, wameishi kama wacheza ngoma wa barabarani, na ndiyo, wameua mtu. Kwenye kurasa za mwisho msafiri mmoja wa Kiingereza anasimama katikati ya maelfu ya mahujaji usiku karibu na Somnath, pwani ya Kathiawar, na kuona almasi imerudi kwenye paji la uso la mungu wa mwezi. Wale watatu wanakumbatiana, wanaagana, kila mmoja anaondoka njia yake, wasionane tena maisha yao yote. Jewsbury alisema sura hiyo ndiyo inayoiokoa riwaya na uchafu wa upelelezi wa katikati.

Kwa hiyo mwanamke wa Kiingereza, mwaka 1868, miaka kumi na moja tu baada ya maasi, aliwalilia Wahindi watatu. Hakumlilia binti aliyepoteza zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hoja yangu ya kwamba watu wa zamani walikuwa vipofu na sisi ndio tunaoona ikafa mbele ya darasa zima, na iliuawa kwa ushahidi uliokuwa ndani ya pepa yangu mwenyewe.

Nimekaa kimbwetani tangu saa kumi nafikiria hili, na nadhani nimeanza kulielewa. Wasomaji wa 1868 hawakuhitaji kuelezwa Seringapatam ni nini. Babu zao walipigana kule, vitu vya kule vilikuwa majumbani mwao na kwenye maonyesho. Kubwa zaidi, walikuwa na Koh-i-Noor. Mwaka 1849, baada ya kuiteka Punjab, Kampuni ilimlazimisha mfalme Duleep Singh, mtoto wa miaka kumi, akabidhi almasi hiyo. Mwaka 1850 akapewa Malkia Victoria, mwaka 1851 watu wakapanga foleni London kuiangalia, mwaka 1852 ikakatwa upya ikapungua kutoka karati 186 hivi hadi 105 na kitu. Collins mwenyewe anaitaja kwenye utangulizi wa riwaya yake. Msomaji wa 1868 aliposoma juu ya almasi yenye laana alijua fika inasemwa almasi gani.

Waliokuja kupoteza kumbukumbu hiyo ni wa 1928, kwa sababu riwaya ilishahamishwa kutoka rafu ya historia kwenda rafu ya mafumbo. Ufahamu wa wasomaji hauendi mbele tu kama treni. Kitu kinaweza kuonekana, kikasahaulika, kisha kikaonekana tena. Sentensi hii ndiyo itakayokuwa kichwa cha pepa yangu mpya.

Ila sitaki kumpa Jewsbury sifa zaidi ya anazostahili. Alilia, sawa. Lakini hakuna popote kwenye uhakiki wake aliposema basi na Koh-i-Noor irudishwe. Kulilia almasi ya kitabuni ni rahisi, haimgharimu mtu kitu. Mhakiki Ashish Roy, mwaka 1993, alienda mbali zaidi ya Reed akasema riwaya yenyewe bado inaitumikia himaya. Hata mimi nikihesabu wasimulizi wote, hakuna Mhindi hata mmoja aliyepewa zamu ya kusema. Wale Mabrahmin tunawaona kupitia macho ya wengine kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashahidi wote wa kesi ni upande wa mlalamikaji!

Swali la pili lilitoka kwa mhadhiri, na hili lilikuwa baya zaidi. "Tipu naye aliipataje?"

Kwenye riwaya jiwe lilikuwa la hekalu la Somnath. Mahmud wa Ghazni aliposhambulia mwanzoni mwa karne ya 11, Mabrahmin walilihamisha. Karne nyingi baadaye likaporwa na ofisa wa mfalme wa Mughal, Aurangzeb, likazunguka, likafika kwa Tipu. Kwa hiyo Mwingereza ni mwizi wa karibuni tu kwenye mlolongo mrefu. Rafiki yangu mmoja akadakia kwamba basi Waislamu ndio walioanza, Wahindu wakaibiwa, kesi imekwisha. Mhadhiri akatabasamu lile tabasamu lake.

Akatupa mambo mawili. La kwanza, mwaka 1842 Gavana Mkuu Lord Ellenborough aliamuru milango iletwe kutoka kaburi la Mahmud kule Ghazni, akatangaza kwamba ni milango ya Somnath na kwamba fedheha ya Wahindu ya miaka 800 imelipizwa. Milango ilipochunguzwa haikuwa ya Somnath kabisa. Ipo ngome ya Agra mpaka leo. Bunge la London liligombana juu yake mwaka 1843, na mwanahistoria Romila Thapar, kwenye kitabu chake cha 2004 kuhusu Somnath, anaonyesha kwamba yale maneno ya jeraha la Wahindu la miaka mingi yalipata nguvu kwenye mjadala huohuo wa Waingereza. La pili, mwaka 1791 wapiganaji wa Kimaratha, Wahindu, walipora monasteri ya Kihindu ya Sringeri, na aliyetoa msaada ikarekebishwa ni Tipu, Mwislamu. Hebu ipange hiyo kwenye stori ya dini mbili kama unaweza.

Kwa hiyo Somnath ya kitabu nayo ilikuwa na wasomaji wake kabla ya riwaya. Mwaka wa 1850 wa riwaya hekalu lenyewe lilikuwa gofu. Jipya lilifunguliwa mwaka 1951 na Rais Rajendra Prasad. Collins hakuwahi kukanyaga India. Alisoma vitabu, akaulizia watu waliofanya kazi kule, akabuni sherehe nzima.

Nikajitetea kwamba walau yeye aliirudisha almasi. Linganisha na The Sign of Four ya Conan Doyle, ya 1890, ambayo imechota mengi humohumo: hazina ya Agra, mwaka 1857, kiapo cha watu wanne, mfanyabiashara anauawa kwa ajili yake. Mwisho hazina inamwagwa mto Thames, na msomaji anafurahi kwa kuwa Watson sasa anaweza kumchumbia binti asiye tajiri. Mwenyewe, yule raja wa India, hakuna anayemkumbuka. Nilikisoma kidato cha tano na mimi nilifurahi tu.

Jibu nililolipenda kuliko yote limetoka Calcutta. Satyajit Ray, yule mwongozaji filamu, alikuwa msomaji mkubwa wa Sherlock Holmes. Mwaka 1965 akaanza kuandika kwa Kibengali visa vya mpelelezi wake Feluda kwenye Sandesh, jarida la watoto lililoanzishwa na babu yake mwaka 1913. Riwaya ya kwanza ndefu ya Feluda, Badshahi Angti, inafanyika Lucknow na inahusu pete ya Aurangzeb iliyoibwa. Ona hapo: kito cha kifalme cha India kimeibwa, kama kwa Collins. Lakini aliyeibiwa ni Mhindi, mwizi yupo humohumo, mpelelezi ni Mhindi, anayesimulia ni binamu yake mdogo, na watoto wanaosoma wapo Calcutta. Hakuna London. Na Ray hakumchukia Holmes. Kwenye kisa kimoja cha baadaye Feluda anaenda hadi Baker Street kumpa heshima mwalimu wake. Msomaji aliona zamu ya kusimulia haijamfikia, akachukua kalamu.

Darasa lilichangamka mpaka muda ukaisha. Jamaa mmoja wa Iringa akasema yeye akisoma habari ya jiwe linalorudi kwao anakumbuka fuvu la Mkwawa lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, na kwamba hawezi kuisoma kama fumbo hata akitaka. Hakuna aliyembishia.

Na mambo yenyewe hayajaisha. Mei 2023 upanga wa Tipu uliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni milioni 14. Mwezi huohuo, kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles, Malkia Camilla alivaa taji lisilo na Koh-i-Noor. Jiwe lenyewe limebaki London.

Mimi nakwenda mazoezi ya kufundisha hivi karibuni. Nilikuwa nimeshajipanga kuwa mwalimu wa kuuliza, "Mwandishi anataka kutuambia nini?" halafu nasubiri jibu moja nililoandika kwenye andalio la somo. Baada ya leo nadhani nitaongeza swali la rumeti wangu, yule wa hisabati asiyesoma riwaya: hiki kitu kilitoka wapi kabla ya ukurasa wa kwanza? Na kama kuna dada wa siti za mbele atakayenikamata kwa ushahidi wangu mwenyewe, nitajaribu nisikasirike. Leo nilikasirika kidogo. Nitamtafuta kesho kafeteria nimshukuru, ikibidi nimnunulie chai kwa mkopo.

Pepa mpya natakiwa niikabidhi Jumatano. Na wewe msomaji wangu, kama uliwahi kusoma The Moonstone, jiulize: ulipofika mwisho ulimhurumia nani, yule binti au wale watatu? Na kurasa za mwanzo ulizisoma, au kopi yako nayo ilinyofoka?

Usiku mwema. Umeme wenyewe unawakawaka hapa, bora nilale.